Muuza Saruji Aliyepigania Chokaa

Habari ya kifo chake ilinikuta Lindi asubuhi, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. Aliyepiga simu ni mwanawe mkubwa, na hakuzunguka. "Baba mdogo, shikamoo. Mzee ametutoka alfajiri. Tunazika baada ya alasiri." Nilisema yale tunayoyasema wote, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, kisha nikakaa mpaka chai ikapoa. Wasomaji wangu wa siku nyingi huenda wakamkumbuka marehemu, kwa maana niliwahi kumgusia humu: yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kilwa Masoko ambaye alikuwa akifukuza wateja. Safu ile ilipotoka alinipigia simu kulalamika. Kuitwa mfukuza wateja hakukumuudhi hata kidogo. Kilichomuudhi ni kwamba nilijaza ukurasa mzima bila kuutaja msikiti wa kijijini kwao. Basi leo ninautaja, na nasikitika kwamba hayupo wa kunikosoa.

Tulifahamiana kwa ugomvi. Marehemu mjomba wangu aliacha nyumba ya mawe Kilwa Kivinje, kuta nene za matumbawe, na upande mmoja ulikuwa umeanza kumomonyoka. Nikaingia dukani kwake kutaka saruji. Alikuwa amekaa nyuma ya meza, mtu mfupi mwenye tumbo la heshima na kofia safi ya viua, akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyejiandikia dawa mwenyewe. "Unajengea nini?" akauliza. Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Ungekuwa na nyumba ya tofali ningekuuzia hata lori zima, na kijana angekupakilia. Kwa nyumba ya mjomba wako, nenda duka la mbele. Mimi sitaki kuonekana kwenye maiti hiyo." Nilikasirika, nikamwambia kwamba sijapata kuona mfanyabiashara wa namna yake. Akacheka, akavuta kiti, akaagiza kahawa. Kabla hatujaimaliza alikwisha niambia kwamba jioni ile nisirudi Lindi, ninakwenda naye kijijini kuona kitu.

Kitu chenyewe kilikuwa msikiti mdogo, usiozidi sana sebule ya mtu mwenye uwezo, kusini mwa Masoko, upande wa bara. Ukipita haraka hutauona. Bati lake lina kutu na mlango wake ni mfupi kiasi kwamba hata mfupi kama yeye alikuwa akiinama. Lakini marehemu alijua kuusoma. Aliniweka mbele ya ukuta wa kibla, akanionyesha mawe yaliyochongwa majani na mashina yanayopindana. Matumbawe haya, alisema, yalitolewa baharini yakiwa mabichi, laini, na fundi aliyachonga kabla hayajakauka yakawa magumu. Juu ya kibla kulikuwa na mashimo ya duara; zamani yalipachikwa bakuli za kauri kutoka nchi za mbali, na mikono isiyojulikana ikazibandua. Kisha akanishika mkono tukafuata ukuta wa mashariki mpaka mahali ambapo mawe ya upande mmoja hayakufungamana na ya upande wa pili. "Hapa ndipo watu walipozidi," akasema. "Mtaa umekua, msikiti haukutosha, wakasogeza ukuta. Na baraza hii ni ya wajukuu zao. Paa la kwanza lilikuwa la mawe na boriti, likaanguka, yakaja makuti, kisha bati. Bati hilo la babu yangu." Hapo sauti yake ilipungua kidogo, maana alikuwa akiuheshimu msikiti ule kama mtu anavyoheshimu ukoo wake.

Umri wa msikiti huo hakuna aujuaye, na yeye ndiye aliyeujua kidogo kuliko wote, kwa sababu alikuwa akiubadilisha kila mara. Akija mwalimu, ulikuwa wa kale. Akija mgeni wa mbali mwenye kamera, ulikuwa wa kale zaidi. Siku moja nilimsikia akimwambia mtu kwamba ulitangulia ule mkubwa wa Kilwa Kisiwani, nikamkonyeza. Akanijibu mbele ya yule mgeni, bila haya yoyote, "Wewe ulikuwepo?" Nilimpenda kwa hilo pia. Tuna wataalamu wengi wa kutuambia tarehe, na Mungu awabariki, lakini ni wachache wanaotamani kwa moyo wote kwamba jengo la kwao liwe na tarehe nzuri.

Sasa mtajiuliza chuki yake na saruji ilitoka wapi, naye watoto wake wamesomeshwa na saruji. Mezani kwake, kando ya mashine ya hesabu, palikuwa na kipande cha jiwe lililochongwa jani moja na nusu ya jingine. Kila mteja alikuwa akiuliza, na kila mteja alijibiwa, "Hiyo ni sadaka yangu." Mimi nilisubiri mpaka akanieleza yote. Alipofungua duka, ujana bado unamchemka, alitaka kumshukuru Mungu. Akapeleka saruji msikitini, akalipa fundi, ukuta wa kibla ukapigwa lipu mpaka ukang'aa. Ijumaa ile aliombewa dua ndefu, mama yake akalia kwa furaha. Zikapita mvua za masika, zikaja nyingine. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji ya ardhini na chumvi, kisha huyapumua nje. Ule wa kwao ukakosa pa kupumulia. Lipu ikavimba, ukiigonga inalia kama debe tupu, na siku ilipoanguka haikuanguka peke yake. Ilishuka na ngozi ya mawe, na majani yaliyochongwa na mtu asiyemjua. "Waliokuja kwa vita hawakuyagusa majani yale," aliniambia. "Nikaja mimi na mapenzi." Aliokota kipande kimoja, akakiweka mezani, na tangu hapo swali lake likawa lile lile: unajengea nini?

Imamu wa kijiji hakuwa mtu wa kupuuzwa, na nataka nimtendee haki. Wao wawili walibishana miaka mingi, nami nilishuhudia raundi kadhaa barazani, viatu vyetu vikiwa vimepangwa pembeni. Imamu alitaka ukuta wa mashariki, ule unaopigwa na upepo wa bahari, upigwe lipu ya saruji na chini pawekwe vigae, kwa sababu kijiji cha jirani kilikwisha pata msikiti unaometameta na vijana wa kwao walikuwa wakihamia huko Ijumaa. "Hapa si makumbusho, ndugu yangu," alikuwa akisema kwa upole. "Mtu anataka mahali safi pa kuweka paji la uso. Chokaa yako inataka kuni, inataka matumbawe, inataka kusubiri. Ufa hausubiri. Usipoziba ufa utajenga ukuta." Na marehemu alijibu, "Imamu, methali haikusema uzibe kwa simenti." Wote tulicheka, Imamu mwenyewe akiwemo, lakini ufa ulibaki pale pale na kila masika uliongezeka.

Nimefikiri sana juu ya mabishano yale, maana si ya kijiji kimoja. Kule Kisiwani magofu yana walinzi, yana vibao, watu huvuka maji kwenda kuyapiga picha. Yanaheshimiwa kwa kuwa hakuna anayeswali ndani yake. Jengo likifa tunalipatia ulinzi. Likiwa hai tunalipatia kamati. Na kamati zetu zina haraka, kwa sababu mfadhili anataka kuona kitu kinachong'aa kabla hajaondoka, na sisi tunaona aibu kuwa na kitu cha zamani, kama mtoto anayemficha bibi yake wageni wakija. Sisemi tuishi kwenye nyufa. Hata marehemu hakusema hivyo. Aliuza vigae, na vya kwake nyumbani vilikuwa vinateleza hatari. Alichokuwa akisema ni kwamba kila ukuta una tabia yake, na hisani isiyouliza tabia ya anayefanyiwa huweza kuua.

Mwaka jana hatimaye alichoka kubishana, akaanza kazi. Mikoko, kuni za jadi za kuchomea chokaa, hairuhusiwi kukatwa ovyo, akanunua mikorosho mizee iliyokuwa imeng'olewa mashambani. Matumbawe akayaokota kwenye vifusi vya nyumba zilizoanguka, akayapanga juu ya kuni, na tanuri likawaka nyuma ya msikiti. Kijiji kizima kilinuka moshi na akina mama wakamsema sana, kwa vile nguo zao zilikuwa kambani. Chokaa iliyopatikana akailaza shimoni na maji, akaifunika makuti. Kadiri inavyolala ndivyo inavyoshika. Imamu alimwambia, "Mwachie Mungu umri, wewe mzee." Naye akamjibu, "Ndiyo maana nimeilaza mapema." Nilimwona mara ya mwisho kwenye shimo lile, akiingiza kijiti kupima ulaini. Alikufa hajaipaka hata kiganja kimoja.

Kwa hiyo nilipofika mazikoni nilikuwa na huzuni mbili. Barazani, tukisubiri alasiri, niliwasikia watu wa kamati wakisema kwa sauti ya chini kwamba sasa suala la ukuta litakwisha kirahisi, na yupo mtu wa Dar es Salaam amekwisha ahidi saruji. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamechoka kusubiri, tena walikuwa wakimlilia kwelikweli. Mwanawe, aliyekuwa amekaa karibu nami, aliinamisha kichwa. Mfiwa hawezi kusimama siku ya kumzika baba yake akaanza kugombania lipu.

Lakini sisi watu wa kusini tuna watani. Marehemu alikuwa Mmwera kwa baba, na mtani wake mkubwa alikuwa seremala mmoja wa Kimakonde pale Masoko, Mkristo, aliyetukanana naye kwa raha kila asubuhi kwa muda wote niliowajua. Mtani msibani ana ruhusa ambayo mwingine hana: anaweza kumkejeli maiti, kumwigiza, hata kuzuia jeneza njiani, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Tulipotoka msikitini na jeneza mabegani, tulimkuta seremala amekaa katikati ya njia ya makaburini. Alikuwa amekalia mfuko wa saruji.

"Hapiti mtu," akasema. "Huyu Mmwera maisha yake yote aliniuliza unajengea nini, unajengea nini. Leo kanyamaza. Leo nampiga lipu mimi mwenyewe, na ukuta wake nao naupiga."

Watu wakaanza kucheka. Mzee mmoja wa familia akatoa noti ya kumwondoa njiani, kama desturi ilivyo. Seremala hakuigusa. "Sitaki hela, nataka neno. Ule ukuta wa mashariki mnaupiga nini?"

Kicheko kikakatika. Jeneza lilikuwa bado mabegani na sheria ya dini haipendi maiti acheleweshwe. Watu wa kamati wakatazamana. Wote tukamgeukia Imamu, naye alimtazama seremala, kisha akalitazama jeneza.

"Chokaa," akasema. "Tupishe."

"Ya lini?"

"Hii hii aliyoilaza. Nitaanza kupaka mimi. Tupishe, mtani, tumzike mwenzetu."

Seremala akainuka. Uso ulikuwa umemlowa. Akausogeza mfuko kando ya njia, akaja akaingiza bega chini ya jeneza, na tukaenda. Mwanawe marehemu alikuwa mbele yangu, nikamsikia akilia kwa sauti kwa mara ya kwanza siku ile.

Tuliporudi kutoka makaburini, mtu mmoja alimuuliza seremala mfuko ule sasa ataupeleka wapi. Akasema ana choo cha tofali hajakimalizia. Nikacheka peke yangu, maana kwa choo hicho marehemu angemuuzia, na punguzo angempa.

Nilichokichukua kwenye msiba ule ni swali lake. Wengi wetu tuna kitu mkononi cha kutoa, kwa mtoto, kwa mzazi, kwa kijiji, na tunajisifu kwa uzito wa mfuko. Yeye alitoa kwa moyo safi akabomoa, kisha akaishi na kipande cha jiwe mbele ya macho yake ili asisahau kuuliza. Tuulize na sisi kabla ya kutoa. Nyumba ya mjomba bado inamomonyoka, nami wiki hii nimechimba shimo uani, nimelaza chokaa, na ninasubiri.