Niliahidi kofia ya kichanga, kaka akaweka chupa ya chai juu yake

Jumapili, saa nane na dakika ishirini mchana. Nakumbuka mpaka dakika kwa sababu nilikuwa naitazama simu ya kaka ili nisimtazame mtu usoni.

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo. Mimi huwa nasoma tu humu, sijawahi kuanzisha uzi. Haya niliyaandika kwanza kwenye daftari langu, sasa nayahamishia hapa kama yalivyo, hata zile sehemu zinazoniaibisha. Chumvi sijaongeza.

Nipo form three. Likizo hii nipo kwa kaka yangu Deo, Bukiriro, wilaya ya Ngara. Nimekuja kumsaidia wifi Adela kazi za nyumbani maana amejifungua.

Mtoto ni wa kike, anaitwa Anitha, ana wiki tatu. Alizaliwa kabla ya siku zake. Kichwa chake ukikiona ni kama parachichi, tena siyo yale makubwa ya kupeleka sokoni, yale madogo yanayodondoka yenyewe.

Mtu mwingine hapa nyumbani ni mama yake wifi, aliyekuja kumhudumia mzazi. Anatoka Nemba, kule Biharamulo, kwa hiyo wote tunamwita mama wa Nemba. Kwao ni Kisubi, kwetu Kihangaza, tunakutana kwenye Kiswahili. L na R anazichanganya kama wengi wetu huku, hapa nimemnyooshea.

Ni mwembamba, mikono haitulii, na ana utani unaokata. Mimi namwogopa. Siyo kwamba ni mkali, ila mimi nina aibu sana. Darasani nikijua jibu naliandika pembeni ya daftari, nasubiri mwingine alitaje, halafu najipa tiki.

Sasa twende kwenye tukio.

Tulikuwa tunamaliza kula. Wifi akakumbusha kwamba kesho Jumatatu ni kliniki. Alhamisi walipokwenda, uzito wa mtoto ulikuwa haujasogea hata kidogo. Nesi akawaambia kichwa kifunikwe muda wote, maana mtoto mdogo hivyo joto linamtokea kichwani, na maziwa anayonyonya yanaishia kumpasha moto badala ya kumnenepesha. Jumatatu uzito usipopanda, wataandikiwa kwenda kulazwa hospitali ya wilaya.

Na huu ni mwezi wa sita. Asiyejua Bukiriro aulize, asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni. Watatoka saa kumi na mbili na nusu kwa bodaboda.

Kofia ya dukani aliyokuwa nayo Anitha ilimfika kidevuni. Kitenge ukimfunga kichwani, pikipiki ikikata kona moja kimeshashuka shingoni. Kaka alizunguka senta nzima baada ya misa akarudi na kofia nyingine, ya mtoto anayetembea.

Wifi akamfunika mtoto kichwa kwa kiganja chake.

Hapo ndipo mdomo wangu ukafanya kitu bila kuniuliza.

"Nitafuma mimi."

Wote wakanigeukia. Mama wa Nemba akaweka kijiko chini. "Kumbe huyu ana sauti," akasema.

Nikaangalia simu. Saa nane na dakika ishirini.

Wakuu, nisieleweke vibaya, mimi kufuma najua. Vitambaa vya makochi nimeanza nikiwa darasa la tano. Nyumbani kwetu hakuna kiti wala stuli ambayo sijaivalisha. Kroshia yangu, ile sindano ya chuma yenye kidoano mbele, natembea nayo kwenye begi kama wengine wanavyotembea na mafuta ya midomo. Nikajiambia kofia ni kitambaa tu chenye kazi nyingine.

Uzi nikatoa kwenye sweta yangu ya form one. Ilifumwa na fundi, siyo ya kiwandani, na mikono siku hizi inaniishia kwenye viwiko. Nikaifumua mkono mmoja. Uzi ukatoka umejikunjakunja kama nywele zilizotoka kwenye mabutu.

Nikafungua video moja kwenye simu ya kaka. Dada wa watu anaongea Kiingereza cha haraka, ila mikono yake naielewa. Akaanza na duara katikati. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mzunguko anaongeza vitanzi. Bando likaisha akiwa bado anazunguka.

Nikasema haina shida, huo mzunguko naujua, ndiyo ule ule wa vitambaa. Nikaketi barazani nikazunguka. Nikaongeza, nikazunguka, nikaongeza. Nilikuwa nasubiri ifike mahali ijikunje yenyewe iwe kofia. Kwa kweli niliamini hivyo. Na kwa mazoea ya mkono nikaweka na vile vitundu vya maua pembeni, maana kitambaa bila maua ni kama hakijaisha.

Saa kumi na nusu nikaitandaza kwenye stuli nione imefikia wapi. Nikaenda kunywa maji.

Nimerudi, nakuta kaka Deo ametoka ndani na chai yake. Ameweka chupa ya chai juu ya kofia. Katikati kabisa, imekaa vizuri. Vikombe viwili pembeni.

Akanisifu. Akasema kitambaa kizuri, hata rangi inaendana na kochi, sasa ile kofia ya mtoto naanza saa ngapi.

Wifi alikuwa mlangoni na mtoto, akaelewa kabla ya kaka. Akacheka mpaka akaegemea fremu ya mlango, kicheko cha kwanza tangu Alhamisi. Mama wa Nemba akaja, akasogeza chupa, akainua kitu changu juu, akachungulia anga kupitia vile vitundu vya maua.

"Hii ni ya baridi kuingia au kutoka?"

Kaka ndiyo akaelewa. Akaanza kuomba msamaha huku anacheka, yaani msamaha wenyewe hausikiki.

Nikachukua kile kitu nikaenda nyuma ya jiko, kwenye migomba. Nililia kidogo, siwafichi. Siyo kwa kuchekwa. Nilikuwa naona ile pikipiki ya asubuhi, na ukungu, na kile kichwa kidogo, na mimi ndiye niliyesema nitafuma. Kama ningekaa kimya labda kaka angeenda mbali zaidi akatafuta. Sasa jua linashuka na tunachonacho ni kitambaa cha stuli.

Nikaanza kukifumua ili nianze upya. Tatizo sikujua naanza upya kufanya nini.

Pale nyuma ya jiko ndipo mama wa Nemba huwa anaketi na vikapu vyake. Anasuka vile vya majani magumu vya kuzungusha, anaviringisha fungu la majani na kulishonea kwenye lenzake. Akaja akaketi mkekani, akaendelea na kazi yake kama sipo. Labda alijua akinisemesha nitakimbia.

Nikawa namwangalia mikono. Alikuwa na duara bapa, limelala kama sahani, sawasawa na la kwangu. Anazungusha, anashona, anazungusha. Halafu kwenye mzunguko mmoja, bila kubadilisha kitu kingine chochote, lile fungu la majani hakuliweka pembeni ya lenzake. Akaliweka juu yake. Mzunguko uliofuata ukakaa juu tena. Kikapu kikaanza kusimama.

Nilikaa pale muda mrefu nikiwa na swali mdomoni. Ni swali la maneno matano tu. Jua likashuka kwenye migomba. Mwishowe nilimfikiria Anitha kuliko nilivyojifikiria mimi.

"Mama, umejuaje pa kusimamisha ukuta?"

Hakunicheka. Akakipindua kile kikapu, akajivika kichwani, akanigeukia nacho hivyo hivyo.

"Kikapu kina kitako na kina ukuta," akasema. "Wewe binti umefuma kitako tu, tangu mchana. Kitako kikitosha, unaacha kuongeza. Ukiacha kuongeza, hakina pa kwenda isipokuwa juu."

Wakuu, niliona kitu kimefunguka kichwani. Kuacha kuongeza! Miaka yote nafuma vitambaa, kila mzunguko naongeza vitanzi, kwa sababu kitambaa lazima kilale. Sijawahi kufuma kitu kinachotakiwa kusimama.

Nikauliza swali la pili, la kwanza lilishafungua njia. Nitajuaje kitako kimetosha?

Akachana ugamba mwembamba wa mgomba, kama utepe, akanipa. Nikampime mtoto mwenyewe.

Hapa kuna jambo nilikuwa nimelificha nyumba nzima. Wiki mbili nilizokaa, sikuwahi kumshika Anitha. Nafua nguo zake, nachemsha maji yake, ila wakitaka kunipa nimshike napata kazi ya haraka jikoni. Nilikuwa naogopa kwamba nitamvunja.

Wifi akaniketisha kitandani, akanipa mtoto mikononi, akaondoka zake kuangalia maharage. Nadhani alifanya makusudi.

Hakuvunjika. Alikuwa mwepesi na wa moto upande mmoja tu, ule uliokuwa umelala kwa mama yake. Nikapitisha ule ugamba juu ya masikio yake, nikakata ulipokutana. Akapiga chafya moja ndogo, akaendelea kulala.

Mama wa Nemba akauviringisha ugamba kuwa duara, akauweka chini. Kitako cha kofia kiwe kidogo kuliko duara hili, akasema, maana uzi unavutika, majani hayavutiki. Nikafuma kitako bila ua hata moja, vitanzi vimebanana. Kilipokaribia ukingo wa lile duara, nikaacha kuongeza.

Mzunguko wa kwanza, bado kimelala. Wa pili, ukingo ukainuka kidogo kama mdomo wa kisahani. Wa tatu, kikasimama. Nilimwonyesha mama wa Nemba, naye akaitikia kwa kichwa tu, sindano yake ya kushonea ikiwa mdomoni.

Kuku walipokuwa wanaingia bandani nilikuwa nafunga uzi. Siyo kofia ya maonyesho. Upande wa sikio la kushoto ni mrefu kuliko wa kulia, na ukiivuta sana unaona pale uzi uliponipotea. Lakini ni kofia. Kaka akaigeuza mara mbili, akasema hii hata akitaka haiwezi kubeba chupa.

Funzo nililopata ni hili. Nilipoteza saa mbili nzima kwa sababu nilidhani anayeweza kunisaidia lazima awe anajua kroshia, na kwa sababu kuuliza kunanichoma usoni. Aliyenisaidia hajawahi kushika kroshia maisha yake yote. Na uso ulinichoma, ndiyo, kama dakika moja hivi, ukapoa.

Mnaofuma humu, naombeni mniandikie hapo chini jinsi ya kutengeneza vifuniko vya masikio vyenye kamba. Andikeni polepole, msinipe video. Na nyie wenye aibu mnaosoma bila kuchangia kama mimi nilivyokuwa, leo semeni hata salamu.

Jumatatu asubuhi nilimvalisha Anitha mwenyewe. Ukungu ulikuwa mzito, dereva wa bodaboda aliwasha taa. Ilibidi nami niende, nipande bodaboda ya pili na mama wa Nemba, maana alikataa kwenda bila fundi wa kofia.

Kliniki mtoto anapimwa bila nguo, kwa hiyo ile kofia ikavuliwa. Sikutaka ipoe. Nikaibana kwapani chini ya sweta nikasimama karibu na mzani. Uzito ulikuwa umepanda. Najua kofia ya usiku mmoja haimnenepeshi mtu, hayo ni maziwa ya wifi na kumbeba kifuani mchana na usiku. Hakuna kulazwa. Wifi akakaa chini kwenye benchi.

Nesi akiwa bado anaandika akasema mtoto avalishwe haraka, akauliza kofia anayo nani.

"Ninayo mimi," nikasema. Hakuniuliza zaidi ya hapo, ila nikaendelea, tena kwa sauti, na benchi zima la akina mama linasikia. "Mimi ni shangazi yake. Nimeifuma mimi."

Nikaitoa kwapani ikiwa ya moto, nikamvalisha.