Gari Lililopumzika Jumamosi

Uuuu. Ndivyo gari lilivyolia kila Yosamu alipokunja usukani hadi mwisho pale stendi ya Bwera, mpakani mwa Kongo: sauti nzito ya chini, kama ya ndama aliyefungiwa mbali na mama yake. Abiria waliicheka. Yeye ilimwumiza, maana teksi ile nyeupe aina ya Corona ndiyo iliyomlisha, ikimpeleka Kasese na kumrudisha siku zote isipokuwa Jumamosi.

Jumamosi hakuendesha. Alikuwa Msabato, na Ijumaa jua lilipoanza kutua upande wa Kongo aliliegesha gari uani kwa Anselme, akamwachia na ufunguo, kwa sababu nyumba yake mwenyewe haikuwa na ua. Anselme alikuwa fundi, Mkatoliki aliyekimbia kutoka upande wa Beni mwaka 2014 na spana chache ndani ya gunia. Yosamu ndiye aliyempokea, akamlaza sebuleni kwake msimu mzima wa mvua. Watoto wa nyumba ile walimwita baba mdogo, na hata alipopata ua wake aliendelea kula kwao kila Jumapili.

Mwaka uliofuata kilio kikaanza, tena kwa tabia ya ajabu. Jumapili gari lilikuwa kimya na usukani mwepesi. Katikati ya juma likaanza kunung'unika. Ikifika Ijumaa, kuliegesha tu kulikuwa kama kusukuma jiwe la kusagia. Kisha Sabato ikipita, linapona.

Dereva mwingine angefungua boneti. Yosamu alimwambia mkewe, Edisa, "Linapumzika. Limechoka kama sisi."

"Chuma, Yosamu?"

"Chuma nacho kimetoka kwenye udongo wa Mungu."

Alimsimulia Anselme pia. Fundi alicheka, akajifuta mikono, akasema, "Mungu yenu iko fundi kunishinda, kaka." Basi.

Yosamu akasimama kanisani, saa ya ushuhuda, akasema. Amina zilitikisa mabati. Wazee wakamwomba aseme tena kwenye makambi, ule mkutano wa mahema wa Kasese, mbele ya makanisa mengi.

Alienda Ijumaa. Gari likakaa kando ya hema Sabato nzima, funguo mfukoni mwake. Alishuhudia, na kina mama walilia. Jumapili asubuhi akawapakia wazee awarudishe nyumbani, akakunja usukani kutoka uwanjani.

Uuuu.

Usukani ulikuwa mgumu kuliko Ijumaa. Watu waliokuwa wakikunja mahema wakageuka. Mzee Kosmasi, aliyekaa mbele, akasema kwa upole, na upole ule ndio uliochoma, "Ndugu Yosamu, jana halikusali?"

Wazee wakashuka, wakatafuta gari jingine.

Hapo ndipo alipofungua boneti. Mkanda wa pampu ya usukani ulikuwa umekaza vizuri. Kikopo cha mafuta ya usukani kilikuwa karibu kikavu, na kile kidogo kilichobaki kilijaa povu. Alinunua chupa dukani, akamimina, akawasha, akazungusha usukani taratibu kushoto na kulia. Kilio kikafifia, kikaisha. Akatandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini, akangoja. Matone mekundu yakaanza kuanguka.

Akalala chali chini ya gari. Mpira unaofunika mwisho wa chuma cha usukani, karibu na gurudumu, ulikuwa umechanika, na mafuta yalitokea humo. Chuma kilichoukinga kilikuwa kimebonyea, kama kilichogonga jiwe kubwa. Kwenye mikunjo ya mpira palikuwa na tope jekundu lililokauka, na ndani ya tope, maganda ya kahawa.

Yosamu hakuwahi kubeba kahawa. Njia yake ilikuwa lami mwanzo hadi mwisho. Alibaki amelala pale, tumbo la gari juu ya uso wake, akielewa kidogo kidogo: kupanda milima ya Nyakiyumbu, kwenye mashamba ya kahawa, kuchukua magunia, Jumamosi kwa Jumamosi, yeye akiwa kwenye benchi la kanisa. Na kila Jumamosi jioni mwenye kuachiwa ufunguo akirudi, akiosha nje, akijaza mafuta ya usukani.

Alifika Bwera mchana. Anselme alikuwa amechuchumaa penye gurudumu la pikipiki.

"Muzee ya Sabato! Makambi ilikuwa je? Batu balilia?"

Yosamu akafungua kiganja. Anselme alipoona maganda, spana ilimtoka mkononi.

"Kaka, sikiya. Ile jiwe sikuiona. Niliogopa. Ndiyo maana nilikuwa naongeza mafuta, usipate taabu."

"Nilikusimulia ushuhuda wangu hapa hapa. Ukacheka."

"Ningesema nini? Ulikuwa na furaha vile."

"Watu mia kadhaa, Anselme. Nimewadanganya kwa jina la Mungu."

"Weye haukudanganya. Ni miye. Nitakuya kanisani, nitasema mwenyewe. Nitatengeneza bure. Leo hii. Unipatie ufunguo."

Alinyoosha mkono kwa mazoea, kama Ijumaa zote. Yosamu akautazama mkono ule, mweusi kwa grisi, uliowahi kumbeba mwanawe usiku wa homa. Alikuwa amekuja na maneno mengi, mengine makali. Njia nzima aliyapanga. Akaufumbata ufunguo kwa mkono wa pili, akasogea karibu ili wanafunzi wa fundi wasisikie.

"Ungeniomba," alisema polepole, "ningekukatalia, na leo ungekula kwangu."