Shimo la Mbugani

Kisima cha mama, kijijini nje ya Kaliua, kilipoanza kutoa tope, nilitoka Chemchem, Tabora mjini, ninakofanya biashara, kwenda kumchukua. Akagoma.

"Mvua itarudi. Waulize wale wa mbugani. Wakisema hairudi, nafunga mizigo."

Wale walikuwa wataalamu wa mambo ya kale, wanachimba pembeni ya shamba lake. Kiongozi wao, dada wa Dar mwenye kucha zilizojaa udongo, alinionyesha ukuta wa shimo. Chini kabisa tope jeusi: zamani palikuwa na ziwa, na watu waliacha mawe ya kukatia ukingoni. Juu yake mchanga wa ukame. Juu zaidi udongo wa kijivu.

"Ukame ulidumu muda gani?"

"Vizazi vingi, kaka."

"Punguza kidogo."

"Siuzi nyanya hapa."

Kama mvua ilirudi na kukaa, alisema, chavua za mimea ya wakati ule zilizonasa kwenye kijivu zitaonyesha. Ila sampuli huchukuliwa kuanzia chini, udongo wa juu usichafue wa chini. Zamu ya kijivu ni Jumatatu. Nilihesabu vifuko vyake vya sampuli mara mbili, utadhani nimevilipia. Vyote vya chini.

Jumapili wachimbaji walikwenda kulala mjini, nami nikaenda Kaliua kutafuta lori la mizigo. Kwetu shimo la kimo cha mtu haliachwi wazi likalala tupu. Litaita wa kulijaza. Niliporudi, waumini wametoka ibadani na majembe, wanafukia. Udongo uliochimbwa ulikuwa umeshabebwa kwenda kuchekechwa, kwa hiyo walikuwa wameangusha kuta za shimo. Mama ndiye aliyeongoza wimbo.

Jumatatu dada alifika na vifuko vitupu.

"Shikamoo mama. Nani amefukia?"

"Marahaba. Sisi, mwanangu. Lisije likakuchukua, bado mdogo."

Kijivu, mchanga na samadi ya ng'ombe vilikuwa kitu kimoja. Kibali chao kilikuwa kinaisha wiki ileile. Nikamwomba achimbe shimo jingine, hata dogo, hata la kimo cha mbuzi. Akatikisa kichwa.

"Sasa mvua inarudi au hairudi?" mama akauliza.

"Sijui, mama."

"Umesikia? Hajasema hairudi."

Akalibeba jembe akaenda kuinua matuta kwenye vumbi. Nimebishana na madalali wa Tabora nzima, lakini kwa hilo sikuwa na bei ya kutaja. Nikampigia mwenye lori asije, nikachukua madumu, nikaenda kupanga foleni bombani kijiji cha pili.