Nilisema Ni Shibe

Jamani, kosa ni langu, msimtafute mwingine. Mume wangu hakujua, bosi hakujua. Mrija niliushika kwa mkono wangu mwenyewe!

Ilikuwa miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakishuka Kagunga na kuletwa huku kwetu Kigoma. Nikapata kazi kwenye utafiti wa afya ya mama na mtoto. Mimi ni Muha wa Kasingirima, na Kiha na Kirundi ni ndugu, basi nikapewa kuwahoji kina mama kambini. Maswali yenyewe mazito: Ulipokuwa mjamzito, kuna mtu nyumbani alikupiga? Ulikunywa pombe?

Sasa, kule mgeni hakai mdomo mkavu. Unaletewa mtungi wa impeke, pombe yao ya mtama. Mwenyeji anaonja kwanza uone haina sumu, kisha anakukabidhi mrija. Wenzangu waliotoka mikoa mingine walikataa, wakaambulia "oya, oya", yaani hapana, kwa kila swali! Mimi nilivuta. Kina mama wakafunguka, wengine wakanililia begani. Bosi akanisifu mbele ya wote, nami nikavimba kichwa.

Tena sikuvimba kichwa tu. Nilikuwa na mimba!

Niliificha kwa vitenge viwili, nikiogopa kuachishwa kazi. Kila nyumba navuta mafunda yangu, halafu namuuliza mama wa watu kama alikunywa akiwa mjamzito. Uso mkavu kabisa! Nilijiambia pombe ya kazini si ulevi.

Mpaka nikafika kwa Mama Kaneza. Yeye naye alikuwa mjamzito, na mdomo wake hauna breki. Aliniambia wazi kwamba wakati wa mimba ya kwanza mumewe alikuwa akimpiga, naye akawa anakunywa ili asisikie maumivu. Kaneza akazaliwa mdogo mno, akachelewa kukaa, akachelewa kutembea. Ilipoingia mimba ya pili, alimkimbia mume na vurugu za kwao kwa safari moja. Alisema hayo huku anacheka, lakini mkono ulikuwa kichwani kwa Kaneza muda wote.

Mtungi ulipoletwa, aliyeonja ni jirani yake. Mimi hata sikujiuliza kwa nini. Nikavuta.

"Na wewe, dada? Ya miezi mingapi?" Mama Kaneza akaniuliza.

"Mimi? Hii ni shibe tu."

Mtoto tumboni mwangu, kama aliyeitwa, akarusha teke. Kitenge kikainuka mbele ya watu!

"Yemwe! Shibe gani hiyo inapiga teke?"

Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Mama Kaneza akautoa mrija mkononi mwangu, taratibu.

"Ungesema tu, sha, mwenzangu. Mimi unaniona nakunywa? Mwenye mimba akiacha mrija, nani hapa atamkasirikia?"

Nililia palepale. Nilichokuwa nakificha ndicho kingeniokoa!

Kesho yake nikaenda kliniki na mume wangu, nikasema yote mbele yake. Nesi hakunigombeza. Aliniambia niache kabisa, ila hakuniahidi kwamba mtoto atakuwa salama, na hapo ndipo nilipoilipia ile sifa ya bosi. Bosi mwenyewe, nilipomweleza, alinihamishia ofisini bila kunilaumu. Miezi iliyobaki sikuwa na raha hata siku moja.

Alizaliwa binti, akalia mpaka wodi ya pili wakauliza kulikoni! Lakini hofu haikuisha kwa yeye kuzaliwa. Wenzangu watoto wao wakikaa, wanapiga vigelegele. Wangu alipokaa, mimi nilijifungia ndani nikalia. Alipotembea, nililia tena. Sasa yuko shuleni, mzima, mdomo kama wa Mama Kaneza, ambaye ni rafiki yangu mpaka leo. Na Kaneza wake, polepole hivyo hivyo, ndiye aliyemfundisha wangu kusuka ukili.

Mama Kaneza hamwiti binti yangu kwa jina. Anamwita Shibe. Mtoto ameniuliza mara nyingi kwa nini, nami humjibu kwamba alizaliwa mnono.

Dada zangu, mwenye mimba hana funda la heshima wala la kazi. Semeni mapema, watu watawaelewa! Nanyi mnaotusifu makazini, mtuulize kwanza tunalipaje hizo sifa.

Mimi namalizia hapa. Shibe anarudi kutoka shule sasa hivi, na leo nitamsomea hii.