Aliyemfungulia Leanne Geti

Kel Rudge alizaliwa mwembamba, akakua mwembamba, na huo ndio urithi pekee alioachiwa na wazazi wake. Siku za kazi alitengeneza nyua za seng'enge kwenye mashamba ya kondoo huku kwetu magharibi ya Queensland. Siku za mbio alivaa jezi ya rangi za mwenye farasi, akapanda. Alikwisha kupita miaka hamsini. Rika lake walikuwa na vitambi, yeye alikuwa na mbavu, na baadhi ya hizo ziliunga vibaya baada ya farasi kumwangukia. Mkewe alimchoka zamani akahamia kwa dada yake kando ya bahari. Kilichobaki ni leseni yake ya joki, yaani mpanda farasi wa mbio, kadi iliyokunjika pembe, ambayo alikaa nayo kwenye mfuko wa shati hata miezi ambayo hakuna mbio.

Watu wa miji mikubwa hupenda kusema kwamba mbio za farasi za vijijini ni wizi mtupu. Sibishani nao. Wizi upo. Nimeona farasi hodari akivutwa hatamu mpaka akakaribia kukaa kitako, kisha jamaa fulani wakaenda kuchukua fedha zao kwa buki, mpokea dau, bila hata kuona haya. Lakini upo mchezo mwingine ambao sisi hatukuuhesabu kuwa wizi, na huo ndio uliomponza Kel.

Tunauita kufungua geti. Barabara zetu hupita katikati ya mashamba ya watu, na kila baada ya mwendo kuna geti. Aliyekaa kando ya dereva hushuka akafungua, gari likapita, akafunga. Hapewi asante wala haisubiri. Basi nyumba ya watu wa farasi ikipatwa na msiba, siku yake ya kwanza kurudi kiwanjani wengine huifungulia geti. Hakuna mkutano. Joki mmoja huegemeza bakora yake kichwa chini kwenye benchi la kuvalia, na wenye macho huona. Wakishaingia mbioni hawasukumi sana, husogea kidogo, na mfiwa hupata nafasi ya tatu, akibahatika ya pili. Mfiwa anajua, wenzake wanajua, na jioni yeye ndiye anayewanunulia bia. Kel mwenyewe alifunguliwa geti ujanani, mwaka ambao mafuriko yalimchukua kaka yake. Alikuja wa pili, akalia juu ya mizani wanayopimiwa majoki baada ya mbio, akiwa amekumbatia tandiko, na hakuna aliyemcheka. Tangu siku hiyo aliamini kwamba duniani hakuna wema uliozidi ule.

Majira ya baridi ya mwaka ninaousimulia alikufa Alby Prendergast, mfunzaji wa farasi, zizini kwake, ndoo ya shayiri mkononi. Aliacha mjane, Nola. Binti mmoja, Leanne, aliyekuwa ndio kwanza amepata leseni ya kujifunza ujoki. Na farasi mmoja aliyeitwa Mvua ya Kesho. Jina hilo lilikuwa mzaha wa Alby, maana tulikuwa kwenye ukame na kila siku redio ilituahidi kesho. Farasi naye alikuwa na tabia ya jina lake. Aliahidi sana na hakuja.

Siku ya mbio za Bindawarra, mji wetu, Leanne alimpanda yeye. Mabuki waliahidi dola mia kwa kila dola moja akishinda, maana hakuna aliyemdhania. Mmoja alimwambia Nola, aliyekwenda na noti yake ya dola kumi, "Mama, kaa nayo ukanunue chai. Naona haya kuipokea." Nola akamwachia mezani akaondoka. Kel alikuwa na Sajini, farasi ambaye karibu kila mtu alimtegemea. Kwenye kibanda cha kuvalia aliegemeza bakora yake kichwa chini bila kumtazama mtu. Snow Tierney, joki mwenzake mwenye mdomo usiofungwa, mara hiyo aliufunga. Akageuza yake. Wengine wakafuata.

Lakini kumzuia farasi asishinde ni kazi ya mtu mmoja. Kumsaidia asiyejua hata kuwa wa tatu ni kazi ya kijiji kizima. Mvua ya Kesho alikuwa mzito kuliko walivyodhani. Kwenye kona ya mwisho Kel alikuwa mbele, amekaa kwenye reli ya ndani, ule uzio wa chuma wa kiwanja, akasikia nyuma yake binti akimhimiza farasi kwa sauti ya kukata tamaa. Akamvuta Sajini nje kidogo. Pengo likafunguka kwenye reli, na Leanne akaingia ndani yake na kupita. Kel alidhani Snow atampita binti. Snow alidhani Kel atampita. Wale wengine walidhani hao wawili hawawezi kuwa wajinga kiasi hicho. Kila mmoja akangoja mwenzake aende, na nguzo ya mwisho ikawakuta wanangojeana. Leanne alikuwa ameshinda.

Watu wakaanza kumtania Kel kutoka kwenye uzio.

"Rudge, breki ya mkono uliitoa kweli?"

"Kel, mwulize huyo farasi kama amelala vizuri."

Bwana Whitcombe, msimamizi wa mbio aliyeletwa kutoka mjini, aliwaita mmoja mmoja kwenye banda la mabati. Kel alisema Sajini aliishiwa pumzi. Snow alisema ni vumbi, mheshimiwa, vumbi la mwaka huu halina adabu. Wengine wakasema walivyosema. Hapakuwa na picha za kamera, na bingwa wa kusema ukweli hakujitokeza. Whitcombe alifunga daftari lake, akawaambia waondoke.

Jioni ile, nyuma ya hema la akina mama walikokuwa wakiuza sambusa za nyama na chai, Leanne alimfuata Kel. Uso wake ulikuwa umejaa vumbi jekundu isipokuwa pale machozi yalipopita.

"Mjomba Kel, uliona?"

"Niliona, binti. Hongera."

"Niliona lile pengo nikasema liwalo na liwe. Unajua Baba alikuwa akiniambia nini? Kaa nje, Leanne, usiingie kwenye reli na farasi mzito, watakufungia humo. Kila siku. Kumbe alikuwa mwoga tu, masikini."

Ndipo Kel alipoelewa walichofanya. Kila aliyewahi kufunguliwa geti alikuwa mtu wa kazi, aliyelelewa kwenye kazi, na alijua amefunguliwa. Mwenye wajibu wa kumweleza binti huyu desturi ile alikuwa baba yake, na ndiye waliyemzika. Hakuna hata mmoja wao aliyelifikiria hilo. Walimpa ushindi, naye akaupokea kama somo.

"Baba yako hakuwa mwoga," alisema.

"Tumejiandikisha kwenye Kombe la Longmere," alisema Leanne. "Mwezi ujao. Nitaingia humo humo kwenye reli."

Longmere ni mji mkubwa. Kombe lake huleta farasi wengi waliobanana na majoki wa pwani wasiomjua Alby wala geti. Pengo la kwenye reli huko hufunguka kwa muda wa kupepesa macho, hujifunga, na aliyeingia na farasi asiye na mbio za kutokea hubanwa kwenye chuma. Kel alikuwa amewahi kumbeba joki aliyetolewa humo. Hakupenda kukumbuka alivyombeba.

Alijaribu njia ya mkato. Alikwenda nyumbani kwao, akakaa jikoni, akala nyama ya chumvi na viazi alivyopakuliwa na Nola, kisha akamwambia Leanne kwamba Longmere si Bindawarra, akae nje.

Leanne alicheka, si kwa ubaya. "Mjomba, nilikushinda ukiwa na farasi bora kiwanjani. Halafu unifundishe mimi pa kupita?"

"Nakwambia kwa wema."

"Najua. Chukua kiazi kingine."

Nola naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na Kel akashindwa kuendelea. Kombe dogo la Bindawarra lilikuwa juu ya jiko, limesuguliwa mpaka linang'aa.

Alipomwambia Snow anachofikiria, Snow alishusha glasi ya bia. "Unataka kwenda kusema? Kel, mimi nina watoto wanne. Utamtaja nani, utamwacha nani?"

"Sitamtaja mtu."

"Whitcombe ana akili. Akishika uzi ataufuata mpaka kwangu." Snow aliisukuma glasi kando. "Na wewe ukinyang'anywa leseni utakuwa nani? Fundi wa seng'enge?"

"Ndivyo nilivyo sasa."

"La. Sasa wewe ni joki anayetengeneza seng'enge. Ni tofauti."

Ilikuwa tofauti kweli, na Kel aliijua kuliko Snow. Wiki zile alilala vibaya na kula kidogo hata kwa mtu wa kazi yake. Wahenga walisema wema usizidi uwezo. Yeye na wenzake walikuwa wamezidisha, na sasa deni lilikuwa la mtoto wa mtu mwingine kulipa.

Asubuhi ya Kombe la Longmere alimkuta Leanne akimsugua Mvua ya Kesho nyuma ya mabanda. Alisimama mbele yake akamwambia yote, bila kupaka mafuta: bakora, desturi, Sajini aliyevutwa nje, kila mmoja kumngojea mwenzake.

Leanne hakuacha kusugua. "Uongo."

"Nisingekuja kukuambia uongo wa namna hiyo."

"Ungekuja. Umeshindwa na msichana, mji mzima umekucheka, sasa unataka kuninyang'anya hata hicho kimoja." Aliacha kusugua. "Nilidhani wewe ni kama baba kwangu. Kumbe una wivu kama wengine. Ondoka, mjomba Kel. Niache nimwandae farasi."

Kel aliondoka. Alitembea moja kwa moja mpaka chumba cha wasimamizi, akavua kofia, na kuweka leseni yake juu ya meza ya Bwana Whitcombe. Alikuwa na farasi wa kupanda katika mbio zile zile za Kombe, na alijua kwamba hatampanda.

"Sajini hakuishiwa pumzi Bindawarra," alisema. "Nilimvuta. Nilimtoa kwenye reli ili binti wa Prendergast apite. Yeye hakujua. Mama yake hakujua."

Whitcombe alivua miwani. "Ulilipwa na nani?"

"Hakuna aliyenilipa."

"Na wenzako?"

"Waulize wao. Mimi najisemea mwenyewe."

"Bwana Rudge, wiki zote hizi umenyamaza. Kwa nini leo, saa hii?"

"Kwa sababu saa hii nataka itangazwe. Ukiiweka mpaka kesho haitamfaa mtu."

Whitcombe hakuwa mtu mbaya. Aliichukua kadi ile, kisha akamwita mtu wa kipaza sauti. Kiwanja kizima kilisikia: joki Kelvin Rudge ameondolewa katika mbio zote na kusimamishwa, kwa kukiri kumzuia farasi wake Bindawarra, ushindi wa Mvua ya Kesho unachunguzwa. Mtu mmoja alizomea, wengine wakaitikia. Snow Tierney aliinamisha kichwa akajifanya anakaza mkanda wa tandiko. Leanne alikuwa tayari juu ya farasi. Kel alimwona kutoka nje ya uzio, aliposimama na watu wa kawaida, maana ndani hakuruhusiwa tena. Binti aligeuza uso kutazama kipaza sauti juu ya nguzo, akakitazama hata kilipokwisha kunyamaza.

Farasi walitoka shoti. Vumbi likafunika upande wa mbali, na kwa muda hakuna aliyeona chochote zaidi ya kofia za rangi. Kwenye kona ya mwisho Mvua ya Kesho alikuwa katikati ya kundi, karibu na reli. Pengo likafunguka mbele yake, pana na zuri. Kel alishika waya wa uzio mpaka mikono ikauma. Aliona mikono ya Leanne ikisita, kisha akamwona akimvuta farasi nje, nje zaidi, mpaka akapoteza nafasi yote aliyokuwa nayo. Pengo lilijifunga. Farasi wawili wa pwani waligongana mabega pale pale ambapo angekuwepo, na reli ikalia.

Alimaliza karibu na mwisho. Alishuka, akabeba tandiko kwenda kwenye mizani, akapita mbele ya Kel karibu kiasi cha kuguswa, na hakumtazama. Kel hakutarajia atazamwe. Alikuwa akimshukuru Mungu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi, na alilifanya bila ufundi.

Nola ndiye aliyekuja. Alisimama upande wa pili wa uzio, mkoba kifuani, akiwa amevaa nguo yake nzuri aliyoinunua kwa ajili ya siku ile.

"Nimeona pale walipogongana," alisema. "Nimeona. Mwanangu yuko hai, na ni kwa sababu yako. Ahsante, Kel."

"Usinishukuru, Nola."

"Nimeshashukuru. Imekwisha." Alikaza mkoba kifuani. "Lakini siku ile ya Bindawarra, tulipotoka kiwanjani, sikwenda nyumbani. Nilikwenda makaburini. Nilimwambia Alby kwamba farasi wake ameshinda. Nilikaa pale nikamweleza mbio zote, kona kwa kona, mpaka giza likaingia. Sasa niambie, nani atakwenda kumwambia ukweli?"

Nola alingoja kidogo, kwa heshima, kama mtu anavyomngojea mzee akitafuta neno. Alipoona halipo, aligeuka kwenda kumsaidia binti yake kumwogesha farasi.