Mtu wa Kahawa Aliyepanda Zabibu

Tadei Komba akishika mkasi wa kupogolea, usimsemeshe. Mimi ni jirani yake hapa Mshangano. Nimemsalimia mara nyingi akiwa kazini nikajibiwa na mkasi tu. Alizaliwa Mbinga, Umatengoni, katikati ya kahawa, na kahawa ilimfundisha jambo moja tangu utotoni: chipukizi linaloota ovyo kwenye shina ni mwizi. Wanaliita otea. Linakula chakula cha mti na halizai, basi likate.

Alikuwa karani wa ghala moja la mahindi mjini Songea mpaka zilipokuja enzi za ruksa, za soko huria. Wafanyabiashara wakaanza kununua mahindi wenyewe, ghala likafungwa, Tadei akapunguzwa kazini. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alirudi nyumbani hapa Mshangano na vipando vya mizabibu alivyopewa na mwenzake wa Dodoma, vimefungwa kwenye gunia bichi, akavichomeka nyuma ya nyumba. Waya nao ulikuwa umeanza kuonekana madukani. Akanunua, akasimika nguzo, akautandaza. Mizabibu ikapanda mbio.

Kuzaa sasa! Hata punje moja haikuzaa.

Kila Julai, baridi ya Songea ikibana, Tadei aliiingilia kwa mkasi na kuisafisha kikahawa. Matawi machanga yote chini, mikono ya mizabibu, yale matawi ya zamani yaliyonenepa, ikabaki juu ya waya, mitupu na nadhifu. Nami niliisifu kazi ile, tena kwa sauti, maana kahawa naijua. Mzoea punda hapandi farasi, na mtaa wetu wote tulikuwa watu wa punda.

Mkewe, Lidwina, alichoka. Pale nyuma ya nyumba ndipo penye udongo wao mzuri kuliko kote.

"Baba Noela, haya majani nitayapika mboga? Mvua za mwaka huu zikianza, hapo napanda maharage."

Tadei aliumia. Tangu ghala lifungwe, mizabibu ile ndiyo kitu pekee alichoweza kukiita kazi yake.

Julai ya mwaka 1992, kuku wa Lidwina alikuwa analalia mayai kwenye pembe ya mwisho, chini ya matawi. "Ukinishtulia kuku wangu, leo tutajuana," Lidwina alionya. Tadei akapogoa kote, pembe ile akairuka huku akinung'unika, maana ilimharibia unadhifu.

Agosti inaishia, nikasikia ukelele. Nikadhani ni nyoka, nikaruka ua na panga mkononi. Tadei alikuwa amepiga magoti kwenye ile pembe chafu.

"Jirani, tazama! Tazama tu, usiguse!"

Matawi ya mwaka uliopita, yale yaliyonusurika kwa sababu ya kuku, yalikuwa yametoa machipukizi, na kwenye machipukizi vilining'inia vichala vidogo vya kijani, kila punje kama mbegu ya ulezi. Kwingine kote, kule kulikokuwa nadhifu, majani matupu.

"Otea ndilo linalozaa!" alipiga kelele. "Mama Noela! Miaka yote hii nilikuwa nakata zabibu!"

Lidwina akaja na unga mikononi, akainama, akavihesabu.

"Vichala vinne si shamba," akasema. "Lakini nakupa mwaka mmoja. Mwakani nikikuta majani, nang'oa mwenyewe."

Masika yale Tadei hakukata hata ukucha. Aliyaacha matawi machanga yakue, akayafunga kwenye waya moja moja kwa vitambaa vya mitumba iliyochakaa, mengine kulia, mengine kushoto, yasibanane, jua liyafikie.

Julai ilipofika, kaka yake Osmund alikuja kutoka Mbinga, akamkuta na msumeno.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Wewe! Unafanya nini?"

Tadei alikuwa anaikata ile mikono minene aliyoilea miaka yote, na kuyaacha matawi ya mwaka uliopita, kila moja akilifupisha libaki na macho machache ya kuchipua.

"Mdogo wangu, umerogwa? Unatupa mti unaacha maotea! Marehemu baba angekuona leo!"

"Baba alikuwa na kahawa, kaka."

Siku chache baadaye mikato ikaanza kudondosha maji, tone kwa tone. Osmund akasema mti unakata roho, akafunga mzigo wake akaenda zake. Mimi, nakiri, sikuwa na usingizi.

Kisha macho ya mizabibu yakavimba. Yakapasuka! Na karibu kila chipukizi lilitoka na kichala chake. Nilikuwa nikiamka nakimbilia uani kwao kabla sijanawa uso. Watu walitoka Misa wakapitia kwa Tadei, wengine kutoka mtaa wa Lizaboni, wakitembea katikati ya mistari kwa adabu kama bado wako kanisani. Oktoba zabibu zikageuka rangi, zikawa nyeusi, zikajaa.

Siku ya kuvuna, mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya milima ya Matogoro. Lidwina alikata kichala cha kwanza. Akala punje, akala nyingine, akamaliza kichala kizima. Tadei alisimama nyuma yake, hajui mikono aiweke wapi.

"Mama Noela, sema basi."

Lidwina akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kibuyu cha mbegu za maharage, zile alizozihifadhi kwa majivu zikingoja mvua zipandwe palepale penye mizabibu. Akazimimina zote kwenye beseni, akaziosha majivu, akazitia chunguni, akachochea moto.

"Jirani, usiondoke," akaniambia. "Leo tunakula maharage."

Tadei akakaa palepale chini, akalia mbele yetu bila aibu.