Vikopo Arobaini na Viwili vya Ma Kokugonza

Ma Kokugonza hakuogopa uchawi, na hilo ndilo lililomponza. Mume alikwisha kufa, ng'ombe alikwisha kufa, na kibanja chake cha migomba pale Muleba kilikuwa juu ya mwinuko wa mawe ambao hata mchawi angeona uvivu kuupanda. Kwa hiyo mwaka 1975, watafiti wa minyoo walipokuja kutoka Bukoba na kugawa vikopo arobaini na viwili vya kupimia choo, kimoja kila nyumba, majirani walijua pa kwenda.

"Ma Kokugonza, waitu, tusaidie," alisema Ta Anatory, balozi wa nyumba kumi, kofia mkononi. "Nimpe mgeni choo changu, akakifanyie nini? Lakini wewe, nani atakuroga?"

"Kwa hiyo mimi ndiye jalala?"

"Wewe ndiye shujaa wetu. Tena si wanasema tufanye kazi kwa ujamaa?"

Kiasi cha punje ya maharage kilitosha kwa kila kikopo. Ma Kokugonza akaimaliza kazi ya taifa asubuhi moja, bila kuhutubiwa. Majirani nao wakaja kumpalilia kibanja kwa pamoja, jambo ambalo hotuba za miaka minane zilikuwa zimeshindwa kulifanya.

Wiki tatu baadaye mtafiti, Bwana Hamidi, kijana wa mjini mwenye kalamu tatu mfukoni, akasoma matokeo mkutanoni: kijiji kizima hakina mnyoo hata mmoja! Dawa zitapelekwa kwingine. Watu wakapiga makofi, Ta Anatory kuwashinda wote.

Ma Kokugonza hakupiga. Mjukuu wake Immakulata, wa miaka sita, aliyeletwa kutoka Kemondo mwezi uliopita, alikuwa ameegemea goti lake, viganja vyeupe kwa damu iliyonyonywa na minyoo, midomoni udongo aliokwangua ukutani. Bibi alikuwa msafi tumboni kwa kuwa alifagia zahanati ya misheni miaka mingi, akameza dawa kila ilipogawiwa. Sasa zahanati haikuwa na kidonge hata kimoja. Vyote vilikuwa kwenye sanduku la Bwana Hamidi, na sanduku lilikuwa linafungwa kamba juu ya Landrova.

Akasimama.

"Bwana, hao wote arobaini na wawili ni mimi."

"Ni wewe kivipi, mama?"

"Kivipi tena? Nilichuchumaa, nikagawa. Wenzangu waliogopa kurogwa."

Mawe, mama yangu! Watu walicheka hadi kuku wakakimbia. Ta Anatory akaichungulia kofia yake kana kwamba jibu limeshonewa ndani.

"Mmeniharibia utafiti!" Hamidi alifoka. "Kama mnaogopa, kwa nini hamkusema?"

"Hukuuliza," alijibu Ma Kokugonza. "Siku ile tulikuletea kahawa ya kutafuna, ukasema huna muda. Mtu anakataa kahawa yetu, halafu anataka choo chetu. Wewe ungempa?"

Hamidi akamtazama bibi, akamtazama na yule mtoto, akakitazama kiganja chake cheupe. Kisha akamwambia dereva afungue kamba. Akaketi kwenye benchi, akaomba kahawa, akatafuna punje mbili kwa uso wa mtu anayemeza kokoto.

"Haya. Mnataka nini?"

Walibishana mpaka jua likapoa. Mwishowe wakakubaliana: hadubini iwekwe darasani, kila mtu aone cha kwake kinafanywa nini, na kikopo cha kwanza kiwe cha Bwana Hamidi mwenyewe.

"Ukituroga," Ta Anatory alifafanua kwa upole, "na chako tunacho."

Kijana wa watu akachukua kikopo, akauliza choo kiko wapi.

Alikutwa na minyoo. Ajabu ni kwamba hakuna aliyecheka. Ta Anatory alisogea tu kwenye benchi, akampa nafasi. Kesho yake vikopo arobaini na viwili vilirudi, kila kimoja na mwenyewe nyuma yake, na Immakulata akameza vidonge vyake vya kwanza kabla ya balozi.

Mvua za vuli zilipoanza, mtoto alikuwa ameacha kula nyumba. Ukuta karibu na kitanda chake ulibaki na shimo la ukubwa wa ngumi, na bibi alikataa lizibwe. Wataalamu wengine walipokuja na karatasi zao, aliwaketisha mbele ya shimo hilo, akawapa kahawa, akasubiri watafune. Wenye haraka hakuwaambia kitu.